Kabla ya Kuhamia Kompyuta ya Aina Nyingine, Uliza Kuhusu Lehemu

Mwaka juzi niliiuza kompyuta yangu ya mpakato, nzito na iliyochubuka kona zote, nikanunua nyingine nyembamba ya rangi ya fedha, yenye mfumo endeshi ambao sikuwahi kuutumia maishani. Sitaitaja kwa jina wala sitalitaja duka lililoniuzia, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza haikuwa ya kampuni moja. Kazi yangu ni kufasiri miswada, na pamoja na hiyo mimi na dada yangu tuna steshenari ndogo Sinza, ambako tunachapa, tunatoa nakala, na kuwajazia watu maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB na usajili wa majina ya biashara BRELA. Kwa miezi minane mashine ile ilinifurahisha, maana ilikuwa nyepesi begani na chaji yake ilivuka siku nzima ya mgawo wa umeme. Mwezi wa tisa ikakataa kuwaka.

Fundi wa Kariakoo aliifungua chini ya taa yake, akaipima kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, bodi imekufa." Sikushtuka sana, kwa sababu miaka michache nyuma kompyuta yangu ya zamani iliwahi kumwagikiwa chai ikafa vilevile, na fundi huyuhuyu alifungua skrubu chache, akaichomoa diski, akaitia kwenye kasha la nje, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kunakili kila kitu changu. Kwa hiyo nikamwambia aitoe diski. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi vidude viwili vyeusi vilivyobanana na bodi: "Diski yako ndiyo hii. Imelehemiwa. Haitoki."

Miswada miwili ilikwenda na bodi ile. Mmoja nilikuwa na nakala yake ya miezi mitatu nyuma kwenye barua pepe. Wa pili niliufasiri upya kuanzia ukurasa wa kwanza, usiku baada ya usiku, kwa kuwa mteja alikwisha kunilipa nusu ya ujira. Tangu hapo mtu akiniomba ushauri wa kuhamia kompyuta ya aina nyingine, simuulizi kwanza anapenda mfumo gani. Namuuliza kama kumbukumbu na diski za mashine anayoitaka zimechomekwa au zimelehemiwa, na wengi huniangalia kana kwamba nimeuliza rangi ya skrubu.

Maswali ya namna hii yameongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida. Windows 11 inadai moduli ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, na kompyuta nyingi za mtumba zilizomo maofisini mwetu ni za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6. Watu wamejikuta wanalazimika kununua, na kwa kuwa wanalazimika kununua, wanafikiria kuhama kabisa: kwenda MacBook, kwenda Chromebook ya Google, kwenda Linux ambao ni mfumo endeshi huria, au kurudi kwenye kompyuta ya mezani.

Sitazungumzia hapa uzito, mwanga wa kioo wala kasi ya prosesa, kwa sababu hayo muuzaji yeyote atakueleza kabla hujaketi. Kuhusu programu nitasema kwa ufupi. Mifumo tunayoitumia zaidi steshenari, yaani NeST ya zabuni za serikali, usajili wa BRELA na maombi ya HESLB, yote inafunguliwa kwenye kivinjari, kwa hiyo haijali mashine yako ni ya aina gani. Kama unafanya hesabu za duka kwa Tally, hiyo ni programu ya Windows, na kuhama kutakusumbua. Anayeishi ndani ya Photoshop asiende Linux. Mengine yanazoeleka.

Nirudi kwenye lehemu. Ndani ya kompyuta kuna kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi wanaiita ramu, na kuna diski ambamo faili zako hulala. Zamani vyote viwili vilikuwa vipande vilivyochomekwa kwenye soketi, na aliyetaka kuongeza ramu kutoka GB 4 hadi GB 8 alinunua kipande kingine akakichomeka. Leo watengenezaji wengi wanavilehemu moja kwa moja kwenye bodi kuu. Kwa haki yao, wanayo sababu ya kihandisi: aina ya ramu inayokula umeme kidogo, iitwayo LPDDR, imeundwa ikae karibu sana na prosesa na kwa muda mrefu haikuwa na soketi ya kuichomekea, na mashine isiyo na soketi huweza kuwa nyembamba zaidi. Anayeinunua mpya huko Ulaya au Marekani na kuibadilisha baada ya miaka mitatu huenda asiione hasara yoyote.

Hasara inatufikia sisi. Sisi tunaipokea mashine ileile ikiwa na miaka minne, mitano au sita, baada ya ofisi fulani kuitoa, na tunataka itufanyie kazi miaka mingine mitano huku programu na tovuti zikizidi kuwa nzito kila mwaka. Ramu iliyolehemiwa ikiwa GB 8 itabaki GB 8 mpaka mashine inatupwa. Kibaya zaidi ni diski iliyolehemiwa, kwa sababu ramu ikiwa ndogo inakuchelewesha tu, lakini diski ikiwa sehemu ya bodi, ajali yoyote ya bodi ni ajali ya faili zako. Na bodi zetu zinakufa kwa mambo ya kawaida kabisa: umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, chaja isiyo halisi, vumbi, chai.

Kukagua ni rahisi na hakuhitaji bisibisi. Kwenye mashine ya Windows bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, ingia sehemu ya utendaji ("Performance"), kisha gusa palipoandikwa "Memory". Chini utaona idadi ya soketi zilizotumika, kwa mfano 1 kati ya 2, na mstari wa "Form factor". Ukisoma "SODIMM", kuna kipande cha kuchomeka. Ukisoma "Row of chips", ramu hiyo imelehemiwa. Kwa kuwa si kila mashine husema kweli mahali hapo, liandike jina kamili la modeli na ulitafute kwenye maelezo ya mtengenezaji kabla hujatoa fedha. Nasisitiza jina kamili kwa sababu herufi moja inabadilisha kila kitu, kama nitakavyoonyesha hivi punde.

Kabla ya kupanga mashine kwa daraja, nawaomba wale wenye kompyuta ya zamani inayoruhusu kuchomoa na kuchomeka wasikimbilie kuinunua nyingine. Mashine ya kizazi cha 5 au cha 6 iliyokuwa ikitambaa kwa diski ya kuzunguka, ikiwekewa SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 256 na ramu ya GB 8, kisha ikafungwa Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, inafanya kazi ya ofisi bila manung'uniko na inaendelea kupata masasisho ya usalama bila malipo. Huku si kuhamia ugeni mtupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ya leo imetoka kwenye ukoo huohuo. Dada yangu anachapa barua za wateja kwa LibreOffice tangu mwaka jana, na jambo pekee linalomlazimu kuwa mwangalifu ni majedwali yenye mipaka mingi yanapofunguliwa tena kwenye Word.

Kwa anayelazimika kununua, nafasi ya kwanza naipa ThinkPad ya Lenovo, na sifichi kwamba naipendelea. Lakini si kila ThinkPad. Ninayoisema ni T480 ya mwaka 2018, yenye soketi mbili za ramu ambazo Lenovo inazitaja rasmi kuwa zinabeba hadi GB 32, na diski inayochomolewa. Ndugu yake T480s, ambaye jina lake limezidi kwa herufi moja tu, ana sehemu ya ramu iliyolehemiwa na soketi moja. T490 iliyofuata mwaka 2019 nayo ina sehemu iliyolehemiwa na soketi moja. X280 na X1 Carbon, zile nyembamba ambazo wauzaji huzipanga mbele kabisa ya meza, zimelehemiwa ramu yote. T14 za mwanzo ziliendelea na nusu kwa nusu, mpaka toleo la tano la mwaka 2024 liliporudisha soketi mbili, lakini hilo bei yake bado iko mbali na mfuko wangu. Ndiyo maana narudi kwenye T480.

Sababu ya pili ya kuipenda ni betri. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje inayochomolewa kwa kusukuma vishikizo viwili, na unaweza kuitoa ya nje iliyokwisha na kupachika iliyojaa huku mashine ikiendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Mtu anayechapa barua ya mteja wakati TANESCO wamekata umeme anaelewa thamani ya jambo hilo bila maelezo mengi. Betri ya nje inapatikana kwa ukubwa tofauti, na kubwa yake ya Wh 72 (wati-saa) ndiyo ya kuitafuta, ingawa inanyanyua sehemu ya nyuma ya mashine. Pia inapokea chaji kwa USB-C, na Lenovo inautoa bure mwongozo wa ukarabati unaoonyesha kila skrubu na kila kipande kinavyotoka, ambao nilimpelekea fundi wangu kwenye simu naye akafurahi kuliko nilivyotarajia.

Ina kasoro zake. Baadhi zilitoka na kioo hafifu cha 1366 kwa 768, ambacho kinachosha macho ya mtu anayesoma maandishi kutwa; sisitiza upate kile cha 1920 kwa 1080. Programu dhibiti ya tundu lake la USB-C la aina ya Thunderbolt ilikuwa na hitilafu ambayo Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha mwaka 2019, kwa hiyo jaribu tundu hilo kwa chaja na uhakikishe sasisho limewekwa. Na angalia namba ya prosesa: baada ya i5 au i7 tarakimu ya kwanza iwe 8, kama i5-8250U au i5-8350U, la sivyo unarudi kwenye tatizo la Windows 11 lililokuleta dukani.

Nafasi ya pili nazipa pamoja HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 au 5400. Zote zina soketi mbili za ramu na diski ya kuchomoa, zote ni mashine za ofisi zilizotengenezwa kwa matarajio kwamba zitakarabatiwa, na Kariakoo na Posta zimejaa. EliteBook ina umbo zuri kuliko ThinkPad na kioo chake mara nyingi ni bora. Nimeishusha kwa sababu betri yake iko ndani, imekazwa kwa skrubu. Jihadhari usipewe EliteBook x360 1030 ukidhani ni ileile kwa kuwa jina la mbele linafanana. Hiyo ramu yake imelehemiwa.

Nafasi ya tatu ni kwa wale ambao kompyuta yao haitoki ofisini. Kwa hao kuhama ninakokuunga mkono ni kwenda kwenye kompyuta ndogo za mezani zenye ukubwa wa kitabu kinene: ThinkCentre M720q, HP EliteDesk 800 G4 Mini, au Dell OptiPlex 7060 Micro. Zinatumia ramu ileile ya kompyuta za mpakato, soketi mbili, na fundi anaweza kuiacha wazi nusu saa akamaliza kila kitu. Ongeza kioo, kibodi na UPS, yaani betri ya akiba, kwenye hesabu yako, kwa sababu bila UPS umeme ukikatika unapoteza ulichokuwa ukiandika. Steshenari yetu sasa ina mbili za namna hii.

Nafasi ya nne ndiyo MacBook Air ya M1, na najua wasomaji wengi wangetaka iwe ya kwanza. Apple iliitoa Novemba 2020, haina feni, haipigi kelele, na kwa kudumu na chaji sijaona mashine niliyoitaja hapo juu inayoifikia. Anayehariri video atapata ndani yake nguvu ambayo T480 haina. Lakini ramu yake iko kwenye kifurushi kimoja na prosesa, diski imelehemiwa, na data yote inafumbwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu hiyohiyo, kwa hiyo bodi ikifa, hata fundi mwenye mikono ya dhahabu akiving'oa vidude vya diski hatasoma chochote. Ilipokuwa ikiuzwa mpya, kuivusha kutoka GB 8 hadi GB 16 kuliongeza dola 200 za Kimarekani, na wanunuzi wengi wa kwanza hawakulipa, ndiyo maana zilizotufikia nyingi ni za GB 8. Apple yenyewe iliifanya GB 16 kuwa kiwango cha chini cha MacBook Air mwezi Oktoba 2024. Ukiamua kuhamia huko, tafuta ya GB 16 hata kama itakubidi usubiri, na siku hiyohiyo ununue diski ya nje na kuiwekea ratiba ya nakala. Zile MacBook Air za 2017 na nyuma zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ziache: ya 2017 inaishia kwenye toleo la mfumo wa Apple liitwalo macOS Monterey, ambayo haipokei tena masasisho.

Chromebook na kompyuta ndogo za bei ya chini zenye ramu ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64 sina mengi ya kuzisemea. Kwa kawaida kila kitu kimelehemiwa. Chromebook za mtumba zina pia tarehe ya mwisho ya masasisho kwa kila modeli, nayo ni wajibu wako kuitafuta kabla ya kulipa, kwa kuwa ahadi ya Google ya miaka 10 iliyotangazwa mwaka 2023 inahusu hasa zilizotoka kuanzia 2021.

Sasa niseme lililonikaa moyoni kuhusu wauzaji. Nimepita maduka mengi na kusoma matangazo yao, na karibu yote yameandikwa kwa mtindo mmoja: i5, RAM 8, SSD 256, safi sana. Hakuna kizazi cha prosesa, hakuna jina kamili la modeli, na hakuna hata mmoja anayeandika kama ramu ni ya kuchomeka. Ukiuliza, unajibiwa "inaongezeka tu, dada" na kijana ambaye hajawahi kuifungua. Mashine nyembamba iliyolehemiwa inapangiwa bei ya juu kuliko ile inayokarabatika, kwa sababu tu inapendeza machoni, na mteja anayeilipa zaidi ndiye atakayeitupa mapema zaidi. Wengine wanauza mashine zenye nywila ya kampuni ya awali kwenye BIOS, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine. Kwa hiyo iwashe mwenyewe, ubonyeze F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell, na ukiombwa nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani. Muuzaji anayejua bidhaa yake hapotezi kitu akiandika maneno mawili ya ziada kwenye tangazo, na mnunuzi anayeyakosa anaweza kupoteza mwaka mzima wa kazi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu anayeanza masomo Dodoma. Alitaka kuhamia MacBook kwa sababu wenzake wanazo, nami sikumkataza, nilimwomba tu kila duka tuulize swali la lehemu kwanza. Duka la kwanza walisema hawafungui mashine. La pili walisema yote ni sawa. La tatu walituuzia maneno mpaka tukachoka. La nne, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya meza aliichukua T480 bila kuombwa mara mbili, akaigeuza, akalegeza skrubu sita, akainua kifuniko cha chini na kutuonyesha soketi ya pili ikiwa tupu. Tulilipa shilingi 680,000, tukaongeza kipande cha ramu cha GB 8 palepale, na mzee akakichomeka mwenyewe huku mpwa wangu akipiga picha ili akumbuke kinapoingilia.